Sura ya Sita: Kuinua Gari Kuukuu kwa Gharama Ndogo

Katika jimbo la Lualaba, ambako udongo ni mwekundu kwa madini ya chuma na vilima vimepasuliwa kwa ajili ya shaba na kobalti, mvua huanza kushika nguvu mwezi wa Novemba wala haipoi hata Aprili; na katika muda huo mtu mwenye gari kuukuu la kazi, ambaye maisha yake yamefungamana na barabara zisizo na lami, hutambua bila ya kufundishwa na yeyote kwamba nafasi iliyopo baina ya tumbo la gari lake na ardhi ni sehemu ya riziki yake. Nafasi hiyo ikipungua kwa upana wa vidole vitatu, safari ya saa tano huwa ya siku mbili, na magunia ya mahindi yaliyotazamiwa sokoni Kolwezi huota njiani.

Sura hii inahusu njia za kuiongeza nafasi hiyo kwa fedha kidogo. Nimeikusudia kwa mwenye gari asiye na uwezo wa kuagiza springi mpya kutoka Australia au Dubai, lakini mwenye fundi mwaminifu, jeki nzuri na subira. Na hoja nitakayoitetea tangu mwanzo ni kwamba gari kuukuu aghalabu halina haja ya kuinuliwa sana, lina haja ya kurejeshewa kimo kilichonyang'anywa na miaka, kisha kuongezewa kidogo tu, ili fedha itakayosalia iende katika breki na usukani, maana humo ndimo ilimo salama ya watu waliopanda.

Yafaa kwanza kuzijua barabara zenyewe. Njia kuu itokayo Lubumbashi kupitia Likasi na Fungurume hata Kolwezi, yenye urefu wa takriban kilomita 300, ina lami, nayo hubeba msururu wa malori yapelekayo shaba na kobalti mpaka wa Kasumbalesa. Lakini mtu akiiacha lami hiyo, akaelekea magharibi kwa njia ya Mutshatsha na Kasaji hata Dilolo, kule ambako reli ya kutoka Lobito iliungana na ile ya Katanga mwaka 1931, hukuta mchanga wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, na baina ya misimu hiyo miwili hukuta mawimbi magumu ya ardhi yatikisayo gari hata nati zikajifungua zenyewe. Hali si njema zaidi karibu na mji wa Kolwezi, kwenye machimbo. Popote penye machimbo pana malori, na popote penye malori pana mifereji miwili iliyochimbwa na magurudumu makubwa, na katikati ya mifereji hiyo husimama tuta la udongo mgumu. Tuta hilo ndilo adui mkubwa wa gari dogo. Dereva huingia magurudumu yake mferejini kwa kuwa hana njia nyingine, na difu yake huanza kulima.

Magari yenyewe mengi ni Toyota. Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilitoka kiwandani kwa mara ya kwanza mwaka 1984, na ile ndefu iitwayo HZJ75, yenye injini ya dizeli ya lita 4.2 na silinda sita, ilianza mwaka 1990. Nayo hubebwa na springi za majani mbele na nyuma, mpaka mwaka 1999 ambapo upande wa mbele wa ndugu zake waliofuata ulipewa springi za koili. Zipo pia Land Rover, ambazo ukoo wao ulianza mwaka 1948, na Hilux za namna nyingi. Mtu akiniuliza ni gari gani lifaalo kuinuliwa kwa gharama ndogo, nitamjibu bila ya kusita kwamba ni lile la springi za majani, kwa sababu jani la springi ni ubao wa chuma tu, lapimika kwa futi, lapatikana katika magari yaliyokufa, na mhunzi aijuaye kazi yake aweza kulirekebisha kwa nyundo.

Kabla ya kugusa spana, ni lazima mwenye gari afahamu springi huinua nini na haiinui nini, kwani hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Springi huinua chesisi, bodi, tangi la mafuta na gea boksi. Haiinui ekseli wala difu hata kwa unywele mmoja, maadamu ekseli imelala juu ya magurudumu na kimo chake hutokana na matairi peke yake; mtu aliyeinua springi asibadili matairi ni kama aliyekunja kanzu yake apite topeni: nguo imepanda, lakini nyayo ziko pale pale. Na hesabu ya matairi ni ya nusu. Tairi la 7.50R16, ambalo ndilo la asili kwa Land Cruiser nyingi za kazi, lina kipenyo cha karibu sentimita 80. Ukitia tairi lenye kipenyo cha sentimita 85, ekseli hupanda sentimita mbili na nusu tu, kwa kuwa nusu nyingine ya ongezeko imekwenda juu ya kitovu cha gurudumu. Basi dereva ambaye taabu yake ni lile tuta la katikati ya mifereji ya malori, atazame matairi yake kwanza. Springi zitamfaa kwa mambo mengine: kuzuia tumbo la gari lisikae juu ya ukingo wa korongo, kuyapa matairi makubwa nafasi ya kugeuka bila ya kusugua bodi, na kuubeba mzigo bila ya gari kuinamisha mkia.

Hatua ya kwanza haina gharama yoyote. Gari liegeshwe mahali tambarare, tupu, matairi yakiwa na upepo sawa, kisha ipimwe nafasi kutoka katikati ya kitovu cha kila gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake. Vipimo hivyo vinne huandikwa. Katika gari lililofanya kazi miaka ishirini au thelathini, vipimo vinne visivyolingana ndiyo kawaida: upande wa dereva umelala, upande wa tangi umelala, na nyuma kumekufa kabisa kwa mizigo. Akitokea mwenye gari la aina ile ile ambalo springi zake zingali nzima, vipimo vya gari lake vichukuliwe pia, na tofauti ya hesabu hizo ndiyo deni ambalo springi kuukuu zinadaiwa. Nasema kwa yakini kwamba watu wengi watafutao kuinua gari kwa sentimita tano wanadai kile kile walichopoteza.

Springi inapofunguliwa, mambo mengi hudhihirika. Gari limezuiwa magurudumu, chesisi imekaa juu ya stendi za chuma au vigogo vya mti mgumu vilivyokatwa bapa, kwani jeki peke yake si ya kuaminiwa na mtu aliyelala chini ya gari, na ekseli imeachwa juu ya jeki ili ipande na kushuka kwa amri ya fundi. Bolti za umbo la U, ambazo mafundi huziita yubolti, hukatwa au kufunguliwa, na furushi la majani huwekwa chini. Vumbi jekundu la Lualaba humwagika kutoka baina ya jani na jani, limesagwa likawa laini kama unga na limechanganyika na kutu. Chini ya kila jani, pale ambapo ncha ya jani fupi lililo chini yake ilikuwa ikigusa, pana mfereji mdogo uliokwanguliwa na miaka ya mwendo; fundi apitishe ukucha wake humo, na ukucha ukizama, jani hilo lisirudishwe garini, kwa sababu katika mfereji huo ndimo ufa huanzia. Majani yaliyo mazima husuguliwa kwa brashi ya waya, ncha zao hulainishwa kwa tupa ili zisiendelee kukwangua, na hupakwa grisi yenye grafiti kwa uchache, maana grisi nyingi katika nchi ya vumbi hugeuka kuwa msasa.

Hapo sasa fundi ana njia mbili zilizo njema, naye aweza kuzitumia pamoja.

Ya kwanza ni kurudisha upinde wa majani. Jani huwekwa juu ya vyuma viwili vilivyoachana kidogo, upande wake uliobonyea ukitazama juu, na nyundo nzito hupigwa katikati. Kisha jani husogezwa kwa upana wa kidole na kupigwa tena, polepole, kutoka ncha hata ncha, na kila mara hulinganishwa na mchoro uliochorwa sakafuni kwa chaki. Kazi hii hufanywa kwa chuma baridi. Nasisitiza neno hili kwa nguvu zote nilizo nazo, kwa sababu wako mafundi wenye moto wa gesi mkononi ambao huona wepesi wa kulipasha jani hata likawa jekundu na kulipinda kwa dakika moja. Chuma cha springi kilipewa ugumu wake kiwandani kwa kupashwa moto, kuzimwa ghafla katika mafuta, na kupashwa tena kwa kiasi kilichopimwa. Moto wa gereji ukikigusa, ugumu huo huondoka, na jani lililotoka kwa fundi likiwa na upinde mzuri hulala baada ya siku chache au huvunjika mbele ya lori. Kwa sababu iyo hiyo, jani la springi halichomelewi kamwe, hata ikiwa ufa ni mdogo.

Ya pili ni kuongeza jani. Jani hilo hutafutwa katika gari lililokufa, liwe na upana ule ule, unene usiozidi wa wenzake, na urefu utakaoingia katika ngazi ya majani, baina ya lililo refu zaidi na lililo fupi zaidi. Upinde wake uzidi kidogo ule wa furushi, ili likikazwa liyasukume mengine juu. Bolti ya katikati iliyofunga majani haitatosha tena, na yubolti za zamani hazitatosha, basi zote zinunuliwe mpya. Yubolti iliyokwisha kukazwa mara moja hata mwisho wake imevutika; uzi wake ukitazamwa juani huonekana umeachana zaidi mahali pamoja kuliko pengine, na mtu akiirudisha, atakuwa amekabidhi ekseli nzima kwa chuma kilichochoka. Sijui akiba iliyo mbaya kuliko hiyo. Jani lililoongezwa nyuma hulifaa sana gari la mizigo. Mbele liongezwe kwa tahadhari, kwa kuwa gari tupu huwa gumu na dereva huumia mgongo.

Kuna njia ya tatu ipendwayo kwa urahisi wake, nayo ni kurefusha vile vyuma pacha vinavyoning'iniza ncha moja ya springi kwenye chesisi. Hapa pia hesabu ni ya nusu, kwani ekseli iko karibu na katikati ya springi na ncha moja tu ndiyo iliyoshushwa: vyuma vikirefushwa sentimita tano, gari hupanda sentimita mbili na nusu. Ubaya wake hauonekani mpaka gari liingie mwendo. Mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia hulazwa nyuma kidogo upande wake wa juu, na kulala huko ndiko kunakoufanya usukani urudi wenyewe katikati. Sasa ikiwa vyuma pacha viko kwenye ncha ya mbele ya springi, kama ilivyo katika Land Cruiser za zamani za mfululizo wa 40, kuvirefusha huizungusha ekseli na kuusimamisha mhimili huo, na gari huanza kutangatanga barabarani, likimtaka dereva alisahihishe kila dakika. Katika Land Rover za zamani, ambazo vyuma hivyo viko nyuma ya springi, mambo hugeuka: usukani hubaki mtulivu, lakini pua ya difu ya mbele huinama na krosi za propela huteseka. Dawa ni kabari ya chuma, iliyochongwa kwa pembe ya nyuzi chache, iwekwayo baina ya springi na kikalio chake ili kuirudisha ekseli katika mlalo wake wa asili. Asiye na kabari asirefushe vyuma vya mbele. Na vyuma hivyo vitengenezwe kwa bamba nene lisilo na ufa, viwili viwili vikiunganishwa kwa ubavu katikati, kwani pacha ndefu zisizounganishwa hulala upande gari linapopinda.

Vipande vya chuma viwekwavyo baina ya ekseli na springi vitumike nyuma tu, katika magari ambayo springi imekaa juu ya ekseli, kama Hilux. Kipande kiwe kimoja, kisichozidi sentimita tano, chenye kijiti chini na tundu juu ili kisiteleze. Kadiri kinavyorefuka ndivyo kinavyokuwa wenzo wa kuipotosha springi gari linapong'oka au linapofunga breki. Mbele visiwekwe kabisa.

Magari ya koili nayapitia kwa ufupi. Pete ya mpira mgumu juu ya koili huinua kwa fedha kidogo na haina madhara makubwa ikiwa haizidi sentimita tatu; zaidi ya hapo ekseli huvutwa upande mmoja na ile fimbo iliyoifunga kwa chesisi, na mlalo wa mhimili wa mbele huharibika kama nilivyoeleza. Katika Hilux na Pajero ambazo mbele zina chuma cha msokoto, bolti moja ikikazwa gari hupanda bila ya kununua chochote, na wengi hudhani wamepata bahati. Lakini springi haikupata nguvu mpya, imenyimwa nafasi ya kushuka tu, na gurudumu likitumbukia shimoni hugota kwa kishindo, huku bolijointi na mipira ya ekseli ikiliwa kabla ya wakati. Sentimita mbili au tatu, basi.

Gari likiisha kupanda, fundi asifunge sanduku lake. Ekseli ishushwe kwa jeki mpaka ining'inie, na hapo mipira ya breki itazamwe: ikiwa imenyooka kama kamba iliyovutwa, ibadilishwe kwa mirefu siku hiyo hiyo. Shokapu nazo zisiwe ndizo zinazoizuia ekseli isishuke, wala zisigote ndani kabla ya mpira wa kizuizi kuguswa. Liko pia jambo moja ambalo nimeona likisahauliwa na mafundi wazuri. Toyota nyingi za kazi zina vali ya breki kwenye chesisi upande wa nyuma, iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo nyembamba, nayo huupima mzigo kwa jinsi gari linavyolala: likilala, huziruhusu breki za nyuma zifanye kazi kwa nguvu, likiwa juu, huzipunguza ili magurudumu ya nyuma yasifungike. Gari lililoinuliwa huidanganya vali hii. Hudhani daima kwamba hakuna mzigo, na dereva anayeteremka kwenda mtoni akiwa na tani moja mgongoni hutegemea zaidi breki za mbele. Dawa yake ni kukiinua kishikizo cha fimbo hiyo kwa kimo kile kile gari lilichopanda, na kazi yenyewe haifiki saa moja.

Vijana wa gereji hupenda kimo. "Papa, tupandishe tena kidogo, hii iko bado chini," humwambia mwenye gari, wakimwonesha picha za magari yaliyosimama juu kama minara. Nao hawasemi kwa hila, wanasema kwa mapenzi ya kazi yao. Hata hivyo mwenye gari ndiye ajuaye gari lake litabeba nini. Huku kwetu gari haliendi tupu: magunia ya makaa hupangwa mpaka juu ya bodi, na juu ya magunia hukaa watu, akina mama na watoto wao, wameshikilia kamba. Uzito huo wote ulio juu hupanda pamoja na springi, na katika kona ya udongo yenye mteremko gari hilo hupinduka kwa mwendo ambao jana lingepita salama. Sikubaliani na yeyote anayeinua gari la abiria na mizigo zaidi ya sentimita tano juu ya kimo chake cha asili, hata awe na fedha kiasi gani.

Katika kufunga, bolti zipitazo katika bushi za mpira zisikazwe gari likiwa hewani. Zishikishwe tu, gari lishushwe litue juu ya magurudumu yake, lisukumwe mbele na nyuma hata springi zikae, ndipo zikazwe kwa nguvu. Zikikazwa springi ikining'inia, mpira hubaki umepotoka muda wote na hupasuka upesi. Taa za mbele zielekezwe upya, kwani gari likipanda mwanga hupanda nalo na kuwapofusha wajao. Kisha vile vipimo vinne vichukuliwe tena na viandikwe kando ya vile vya mwanzo.

Gari liendeshwe polepole kilomita 50 za kwanza, lisimamishwe, na nati zote za yubolti zikazwe upya, kwa kuwa majani yaliyosafishwa hukaliana na kuacha ulegevu. Zikazwe tena baada ya kilomita 500. Nakusihi, msomaji, kabla ya mara hiyo ya pili usipakie abiria hata mmoja.